Je, namba ya jua inatosha kujua nyanya zimepoteza maji kiasi gani?

SWALI: Nina nusu ekari ya nyanya, namwagilia kwa matone. Pampu yangu ni ya sola, na programu ya simu inanionyesha jua la kila siku kwa kilowati-saa kwa mita ya mraba. Kwa sasa nafungulia tangi zima la lita 10,000 kila siku, liwake jua au kuwe na mawingu. Bwana shamba ameniambia kwamba bila kituo kamili cha hali ya hewa huwezi kukadiria maji yanayopotea shambani. Ni kweli namba ile ya jua hainisaidii kitu? Na mbona kuna siku nyanya zinanyauka mchana wakati udongo una maji?

JIBU: Inakusaidia, tena kuliko unavyodhani. Bwana shamba wako anaifikiria fomula kamili, ile ya Penman na Monteith ambayo FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliipendekeza kama kipimo cha pamoja mwaka 1998. Fomula hiyo inadai jua, joto, unyevu wa hewa na upepo, na mwenye vipimo vyote vinne, vyenye kuaminika, aitumie. Ila mwenye jua peke yake hajakosa kila kitu. Kati ya hivyo vinne, jua ndilo linalobeba mzigo mkubwa siku nyingi za mwaka.

Sababu yake ni hii. Maji hayageuki mvuke bure. Kila lita inayoondoka, iwe imepitia kwenye majani au imetoka moja kwa moja kwenye udongo, inadai nishati, na shambani nishati hiyo kwa sehemu kubwa hutoka juani. Kwa maji yenye nyuzi 20 hivi, kilo moja inahitaji megajuli 2.45 ili iwe mvuke. Kilo moja ya maji ni lita moja, na lita moja ukiitandaza juu ya mita moja ya mraba inafanya kina cha milimita moja. Kwa hiyo megajuli 2.45 kwa mita ya mraba ni sawa na milimita moja ya maji. Programu yako inatumia kilowati-saa, na kilowati-saa moja ni megajuli 3.6. Gawa kwa 2.45, unapata milimita 1.47. Hicho ndicho kiasi ambacho kilowati-saa moja ya jua ingeweza kukivukiza kama jua lote lingefanya kazi hiyo tu.

Haliifanyi lote. Nyasi fupi zenye afya hukadiriwa kurudisha angani asilimia 23 ya mwanga unaozipiga. Sehemu nyingine hupotea kama mionzi ya joto isiyoonekana, ambayo ardhi huitoa usiku na mchana, hasa anga ikiwa wazi. Nyingine inapasha hewa na udongo. Katika shamba lenye maji ya kutosha na joto la wastani, kinachobaki kwa ajili ya kuvukiza maji ni karibu nusu ya jua lote. Ndiyo maana kanuni ninayopenda kumpa mkulima ni fupi: chukua kilowati-saa za siku kwa mita ya mraba, zidisha kwa 0.7, jibu ni milimita za maji zilizopotea. Ukiwa na megajuli, zidisha kwa 0.2.

Hiyo 0.7 ina ukoo wake. Mwaka 1957 Makkink wa Uholanzi alionyesha kwamba maji yanayopotea kwenye nyasi yanaweza kukadiriwa kwa mionzi ya jua na joto la hewa tu. Baadaye fomula yake ilirahisishwa na De Bruin, na tangu 1987 taasisi ya hali ya hewa ya Uholanzi, KNMI, imekuwa ikiitumia kutoa takwimu za kila siku za upotevu wa maji. Hao ni watu wenye vituo kamili vya kila aina, na bado waliona jua na joto vinawatosha kwa kazi hiyo. Ukimwonyesha bwana shamba wako jambo hilo nadhani mtaelewana.

Joto linaingia kwa sababu hewa yenye joto hupeleka sehemu kubwa zaidi ya nishati kwenye kuvukiza, na sehemu ndogo kwenye kupasha hewa. Karibu na usawa wa bahari, wastani wa siku ukiwa nyuzi 15, kizidisho chako kinashuka hadi 0.6, nyuzi 25 kinakuwa 0.7, nyuzi 30 kinakaribia 0.75. Umeona tofauti ilivyo ndogo? Na kwenye nyanda za juu kuna jambo la kupendeza: kanieneo ya hewa ikipungua, uvukizaji unakuwa mwepesi kidogo, kiasi kwamba nyuzi 20 kwenye mwinuko wa mita 2,000 zinakupa 0.7 ileile ya nyuzi 25 pwani. Ubaridi wa mlimani unafidiwa na wembamba wa hewa. Kwa hiyo wengi wenu mtabaki na 0.7 bila kujisumbua.

Sasa twende kwenye nusu ekari yako. Tuseme programu inasema 5.8. Zidisha kwa 0.7, unapata milimita 4.06. Hizo si milimita za nyanya bado. Ni za zao la kupimia: nyasi fupi za kijani, zilizofunika ardhi yote, zisizo na kiu. Wataalamu huziita mvukizo rejea. Ili ufike kwenye nyanya unazidisha tena kwa kizidisho cha zao, ambacho hubadilika na umri. FAO inaipa nyanya 0.6 mwanzoni mmea ukiwa mdogo, 1.15 ikishafunga na kubeba matunda, kisha 0.7 hadi 0.9 mwishoni mwa mavuno. Nyanya zilizokomaa siku hiyo zimepoteza 4.06 mara 1.15, yaani milimita 4.7.

Nusu ekari ni mita za mraba 2,023, na kila milimita juu yake ni lita 2,023. Milimita 4.7 ni karibu lita 9,500. Mfumo wa matone uliotunzwa vizuri hufikisha kwenye mizizi asilimia 90 hivi ya unachofungulia, kwa hiyo gawa kwa 0.9: lita 10,500. Tangi lako la lita 10,000 halipo mbali na ukweli siku ya namna hiyo.

Lakini siku nyingine halifai kabisa. Siku ya mawingu mazito, jua likiwa kilowati-saa 2.5, hesabu ileile inakupa lita 4,500 tu. Na nyanya changa, hata jua likiwa 5.8, zinataka lita 5,500, tena hiyo ni hesabu ya udongo unaolowana juu mara kwa mara. Ukiwa na matone yanayolowesha ukanda mwembamba, na matandazo juu yake, unaweza kushuka zaidi. Kwa hiyo kosa lako halipo siku za jua kali. Lipo wiki za mwanzo na siku za mawingu, ambapo unamwaga karibu mara mbili ya mahitaji. Ziada hiyo inazama chini ya mizizi na kuondoka na naitrojeni uliyoilipia. Nyanya zako zikianza kupauka majani ya chini katika wiki za mawingu, kabla ya kukimbilia mbolea nyingine shuku tangi kwanza.

Hakikisha namba unayoitumia ndiyo yenyewe. Hapa ndipo watu wengi huharibu hesabu, na fomula haina lawama. Programu za sola huonyesha vitu viwili vinavyofanana sana machoni: umeme uliozalishwa na paneli zako, kwa kilowati-saa, na jua lililoanguka, kwa kilowati-saa kwa mita ya mraba. Unachotaka ni cha pili. Umeme wa paneli unategemea ukubwa wake, vumbi, joto, na kama pampu ilikuwa inafanya kazi. Tangi likijaa saa tano asubuhi pampu inazima, na programu itakuonyesha siku "dhaifu" wakati jua lilikuwa linachoma. Pia uliza kama namba ni ya jua kwenye ardhi tambarare au kwenye paneli iliyoinamishwa. Shamba lako limelala, paneli imeinama. Karibu na ikweta tofauti si kubwa, ila kadiri unavyosogea kaskazini au kusini, majira ya baridi paneli hupokea jua jingi kuliko ardhi, na ukitumia namba yake utamwagilia kupita kiasi.

Vipimo navyo vinachanganya. Baadhi ya vituo hutoa wastani wa wati kwa mita ya mraba kwa saa 24. Zidisha kwa 0.0864 upate megajuli za siku, hivyo wati 230 ni kama megajuli 20. Wenye vitalu nyumba hukutana na juli kwa sentimita ya mraba, ambapo 100 ni megajuli moja kwa mita ya mraba. Kipima mwanga cha simu kinachotoa luksi kiache kabisa, maana kimetengenezwa kwa jicho la binadamu.

Na namba iliyokuja utaijuaje kama ina akili? Mipaka ya jua inajulikana. Kwenye ikweta, jua linalofika juu ya angahewa ni kati ya megajuli 33.4 mwezi Juni na 37.9 mwezi Machi kwa mita ya mraba kwa siku. Anga likiwa wazi kabisa, karibu robo tatu hufika ardhini, na zaidi kidogo kwenye miinuko. Hiyo ni takriban kilowati-saa 7 hadi 8. Ukiona 11, ama kipimo kimebadilishwa ama umesoma kitu kingine. Upande wa chini, hata siku ambayo jua halikuonekana kabisa, karibu robo ya jua la juu hufika kupitia mawingu, yaani kama kilowati-saa 2.5. Sifuri haipo. Zao hunywa hata siku ya mawingu, ila linakunywa kidogo.

Robo hiyo na robo tatu zinatoka kwenye kanuni ya Ångström, nayo itakufaa siku programu ikigoma. Hesabu saa ambazo jua liliwaka wazi, gawa kwa urefu wa mchana, zidisha kwa 0.5, jumlisha 0.25, kisha zidisha kwa jua la juu ya angahewa. Saa 9 za jua katika mchana wa saa 12, jua la juu likiwa 36.2, zinakupa megajuli 22.6, au kilowati-saa 6.3. Kwa miaka mingi vituo vya hali ya hewa vilihesabu saa hizo kwa tufe la kioo linalokusanya mwale wa jua na kuunguza alama kwenye karatasi ngumu. Alama ndefu, jua jingi. Kifaa rahisi na cha werevu, na mahali pengine bado kinatumika.

Hata mwenye kipimajoto cha juu na chini peke yake hajafungiwa mlango. Hargreaves na Samani waligundua kwamba pengo kati ya joto la mchana na la usiku linaficha habari za mawingu: anga wazi huunguza mchana na kupoza usiku, mawingu hufanya kinyume. Chukua kipeuo cha pili cha pengo hilo, zidisha kwa 0.16 ukiwa bara au 0.19 ukiwa pwani, kisha kwa jua la juu. Mchana nyuzi 29, usiku 17, jua la juu 36: unapata karibu megajuli 20. Kwa siku moja makadirio haya yanaweza kupotoka sana. Kwa wastani wa wiki yanaheshimika.

Kama unataka takwimu za miaka iliyopita ili upange ukubwa wa tangi na pampu, kuna NASA POWER, ambayo ni bure. Unaweka latitudo na longitudo ya shamba, unachagua kundi la kilimo, unapata jua la kila siku kwa megajuli, lililokadiriwa kwa setilaiti. Jua lake hukadiriwa kwa miraba ya nyuzi moja ya latitudo na longitudo, karibu kilomita 110 kwa 110 kwenye ikweta, kwa hiyo wingu linaloganda juu ya kilima chako kila alasiri huenda haliifikii hesabu. Tena huchelewa siku kadhaa. Itumie kupanga. Usiitumie kuamua maji ya leo.

Nije kwenye udhaifu halisi wa njia hii, maana upo. Jua halijui upepo. Shamba dogo la kijani lililozungukwa na ardhi kavu, likipigwa na upepo mkavu wenye joto, hupokea nishati ya ziada iliyobebwa na hewa kutoka kwenye ardhi ile kavu, na hupoteza maji zaidi ya jua lililoliangukia. FAO yenyewe inatofautisha: maeneo ya tropiki yenye unyevu, joto la wastani nyuzi 20 hivi, mvukizo rejea huwa milimita 3 hadi 5 kwa siku, maeneo makavu yenye joto hilohilo, 4 hadi 6. Yakizidi nyuzi 30, ni 5 hadi 7 dhidi ya 6 hadi 8. Utaona pengo ni la milimita moja hivi. Kwa hiyo katika majira ya upepo mkavu mimi huongeza sehemu moja ya tano juu ya hesabu ya jua, kisha naachia udongo uniambie kama nimezidisha.

Kuhusu kunyauka mchana udongo ukiwa na maji: usiongeze maji kwa kuona majani tu. Saa za jua kali mmea unaweza kupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, majani yakalegea kwa muda, jioni yakasimama. Hilo halina tiba ya tangi. Lakini kama wewe ni mwenye kumwaga lita 10,000 kila siku katika wiki za mawingu, kuna uwezekano wa pili: mizizi imekaa kwenye udongo uliojaa maji, imekosa hewa, imedhoofika, na siku jua linapotoka haiwezi kuhimili. Nadhani hilo ndilo lako, hasa kama kunyauka kunatokea siku ya kwanza ya jua baada ya mawingu mfululizo. Chimba sentimita 30 kando ya mmea, finyanga udongo mkononi. Ukitoa maji ukiukamua, punguza. Mmea usiosimama hata alfajiri ni jambo jingine, pengine mnyauko wa bakteria. Huo unang'oa, humwagilii.

Sasa udongo, maana ndio unaokusamehe makosa ya kila siku. Tifutifu huhifadhi karibu milimita 150 za maji yanayoweza kutumika na mmea kwa kila mita ya kina. Kichanga huenda 80. Nyanya hazitaki uzimalize zaidi ya asilimia 40 kabla ya kumwagilia tena. Mizizi ikiwa nusu mita kwenye tifutifu, akiba yako ni 150 mara 0.5 mara 0.4, yaani milimita 30. Lakini matone hayaloweshi shamba zima. Kama yanalowesha theluthi tu, akiba halisi ni milimita 10, siku mbili za jua kali. Kwenye kichanga ni milimita 5 hivi, siku moja tu. Mwenye tifutifu anaweza kujumlisha jua la siku mbili na kurudisha deni kwa pamoja, na makosa ya siku moja yanafidiwa na ya siku ya pili. Mwenye kichanga lazima amwagilie kila siku, pengine mara mbili. Mvua ikinyesha, toa milimita zake kwenye deni, ila usitoe zaidi ya akiba inayoweza kubebwa. Mvua ya milimita 40 haikupi likizo ya siku nane.

Daftari la mistari minne kwa siku linatosha: jua, milimita zilizopotea, mvua, lita ulizofungulia.

Kabla hujatafuta usahihi zaidi kwenye jua, tega vikopo chini ya matundu ya mipira, machache mwanzoni mwa mstari, machache katikati, machache mwishoni, kwa muda uleule, upime maji. Mara nyingi tundu la mwisho linatoa maji pungufu kwa robo kuliko la kwanza, kwa sababu ya kuziba au shinikizo dogo. Tofauti hiyo mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti kati ya kanuni ya 0.7 na fomula yoyote yenye herufi za Kigiriki. Vivyo hivyo kwa kizidisho cha zao: ukiendelea na 1.15 wakati mavuno yanaisha na majani yamekauka, umepoteza zaidi ya ulichookoa kwa kununua kihisio cha jua. Kwa hiyo kihisio hicho, kiitwacho piranomita, usikinunue bado. Safisha mipira kwanza, sahihisha kizidisho kila unapoona zao limebadilika, uendelee na namba ya programu msimu mmoja. Bado una faida moja ambayo mwenye jenereta hana: pampu yako ya sola hutoa maji mengi zaidi siku zilezile ambazo nyanya zinakunywa zaidi, hivyo kazi yako kubwa ni kufunga valvu mapema siku za mawingu na wakati miche ni midogo.